Kidonge cha Picha

Mama Chiriku aliegemeza simu kwenye birika, akaisogeza kidogo mpaka uso wa mwanawe ukaenea ndani ya mraba mweupe, kisha akafungua kikaratasi alichokihifadhi ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga. Humo mlikuwa na kidonge kimoja. Nusu yake ilikuwa nyeupe na nusu buluu, na ile buluu ilishaanza kufifia pale vidole vinaposhika.

"Macho mbele," alisema.

Chiriku alikuwa na miaka minane. Alikishika kidonge kwa vidole viwili, akakiinua karibu na shavu kama alivyofundishwa, akatulia. Mraba ulibaki mweupe kwa muda kama unaofikiri. Ukageuka kijani.

"Hongera, mlezi!" ilisema sauti ya mwanamke kutoka ndani ya simu, sauti changamfu ya mtu aliyelala akashiba usingizi. "Sasa mtoto ameze dawa."

Mkono wa msichana ulishuka chini ya meza, ukapanda tena, ukaingia mdomoni. Maji. Akameza. Akafungua kinywa, akanyanyua ulimi, akaupeleka huku na huku, akakaa vivyo hivyo mdomo wazi mpaka simu ilipotoa mlio wa pili. Ndipo akafumba. Chini ya meza mama yake alikuwa amekinga kiganja, na kidonge cheupe na buluu kilikuwa kimerudi humo. Alichomeza mtoto kilikuwa cha manjano.

Walikuwa wameuzoea mchezo huo kama watoto wanavyozoea mchezo wa kupigana makofi, mikono ikijua njia yenyewe.

"Swali la wiki," iliendelea simu. "Je, kuna mtu mwingine nyumbani anayegusa dawa za mtoto?"

Mama Chiriku alitazama pazia lililokigawa chumba. Nyuma yake wifi yake alikuwa bado amelala, mguu mmoja umetokeza nje. Kando ya mguu kulikuwa na viatu vipya. Akabonyeza *Ndiyo*, kisha akabaki ameishika simu mkononi, asijue amemshtaki nani na kwa nani.

Simu hiyo ililetwa na mradi wa wafadhili baada ya upasuaji wa mtoto, imevalishwa mpira wa rangi ya chungwa ili ikianguka isivunjike. Haikuweza kupiga wala kupigiwa. "Simu gani hii," wifi yake alisema siku ile akiigeuzageuza, "ina macho, haina masikio." Daktari alikuwa ameeleza kwamba figo iliyopandikizwa ni kama mgeni ambaye mwili unataka kumfukuza kila siku, na dawa ndiyo inayomwombea nafasi, asubuhi na jioni, maisha yote. Kazi ya simu ilikuwa kuhakikisha dawa inamezwa. Kijani maana yake imemezwa, nyekundu haikumezwa. Zikija nyekundu tatu mfululizo, jina la mlezi lilipelekwa ofisini, na ofisini ndiko kulikoamuliwa kama dawa za bure ziendelee au apewe mtoto mwingine mwenye mlezi anayejali. Benchi zima la kliniki lilimkumbuka muuza mkate mmoja aliyepata nyekundu tatu wakati mtaa wao hauna umeme. Yeye na mwanawe hawakuonekana tena pale.

Kisha, mvua zilipoanza, dirisha la dawa lilitoa chupa zenye vidonge vya manjano.

"Ni ile ile," alisema mtu wa dirishani. "Kiwanda kingine tu."

Simu haikukubali. Mraba uligeuka mwekundu na sauti ya yule mwanamke ikasema, bila kupoteza uchangamfu wake, kwamba dawa haikutambulika. Asubuhi nyekundu, jioni nyekundu. Kabla ya ile ya tatu Mama Chiriku alikuwa kwenye korido ya kliniki, na Sista, muuguzi msimamizi wa pale, alimvuta hadi penye sinki, akafungua maji ili yapige kelele.

"Umebakiza hata kimoja cha zamani?"

"Kimoja. Kilidondoka nyuma ya kitanda."

"Basi una bahati. Hicho kionyeshe simu, mtoto ameze hiki kipya. Simu itaridhika, mtoto atakuwa amekunywa dawa yake, na mimi sitaitwa ofisini kuulizwa kwa nini kliniki yangu imejaa nyekundu. Tumeelewana?"

"Mradi wanajua?"

"Walishaambiwa. Wanasema simu itafundishwa rangi mpya." Sista alifunga maji. "Lini, usiniulize. Na hapa mimi sikukuambia kitu."

Hivyo ndivyo benchi zima lilivyokuja kuwa na vidonge vya picha. Aliyekosa aliazima kwa mwenzake asubuhi na kurudisha jioni. Mama Kofia, jirani yake wa siku zote kwenye benchi, ambaye mwanawe hakuvua kofia hata akilala, ndiye aliyekibatiza jina. "Huyu ni bibi harusi," alisema akikifunua chake kwenye leso. "Anapambwa, anapigwa picha, kazi hafanyi." Walicheka mpaka mlinzi akaja kuona kuna nini.

Jina la Chiriku lilitokana na mdomo wake. Alikuwa akisema tangu anapoamka mpaka usingizi unapomkata katikati ya neno. Hata alipozinduka baada ya upasuaji, jambo la kwanza alilouliza ni kama figo ya mama yake itampeleka chooni yeye au mama. Sasa kimya kilianza kumwingia. Hakikuja kwa siku moja. Kwanza aliacha kuimba, halafu akaacha kubisha. Asubuhi kope zake zilikuwa zimevimba kama za mtu aliyelia, na hakuwa amelia. Jioni mwili ulipata moto. Mama yake alipompapasa tumboni, upande ule figo ilipolazwa, aliona pamekuwa pagumu, na mtoto alivuta pumzi kwa meno.

Dawa za asubuhi alimpa mwenyewe. Za jioni alitoa wifi, kwa sababu Mama Chiriku alifanya kazi kwa dobi na zamu yake iliishia jioni. Kabla hajatoa figo alikuwa kwenye pasi kubwa ya mashuka. Baadaye hakuweza tena kukandamiza mfuniko wake, akahamishiwa kwenye kukunja, ambako mshahara ni mdogo na mtu ana nafasi ya kuwaza. Alikunja akawaza. Vidonge vile vilikuwa na soko, hilo lilijulikana. Nje ya geti la hospitali walikuwepo watu waliovinunua bila kuuliza vimetoka wapi, na wengine waliovitafuta kwa ajili ya ndugu zao wenyewe. Aliwaza viatu vipya. Asubuhi moja akatenga kidonge cha jioni kando, kisha akachukua uzi, akaufunga kwenye shingo ya chupa kwa fundo la kwake mwenyewe, ajue kama itafunguliwa.

Aliporudi jioni alimkuta wifi yake amekaa kitandani, uzi uko juu ya goti.

"Huu wa kushonea nini?"

Mama Chiriku aliweka mkoba chini.

"Sema tu, wifi. Umenitegea uzi kama mtu anayetega panya."

"Mtoto anavimba. Ulitaka nifanye nini?"

"Uniulize! Nina mdomo mimi." Wifi alisimama. "Viatu nilinunuliwa na mtu, na mtu mwenyewe hakuhusu. Nimemshika huyu mtoto anatapika mikononi mwangu, nimefua shuka zake, leo nimekuwa mwizi. Haya. Hebu nikuulize na mimi. Kati yetu sisi wawili, nani anayefika kwenye lile geti kila mwezi?"

Kwa kitambo kifupi Mama Chiriku aliona jinsi alivyoonekana kwa mtu mwingine.

Wifi alitia nguo zake kwenye mfuko. Mlangoni alimgeukia Chiriku, akamtengeneza kola. "Meza dawa zako, mwanangu," alisema. "Ukimezeshwa lakini."

Matokeo ya damu yalisomwa katika chumba chenye viti viwili. Kimoja kilikuwa cha daktari. Cha pili alikikalia afisa wa mradi, kijana mwenye kitambulisho shingoni na kishikwambi mapajani, ambaye kina mama wa benchi walimwita Bwana Takwimu. Mama Chiriku alisimama, na mwanawe akamwegemea tumboni.

"Kiwango cha dawa kwenye damu kimeshuka sana," alisema daktari. "Figo imeanza kukataliwa. Kwa kiwango hiki, ni kama mtoto hanywi dawa kabisa."

"Anakunywa."

"Hilo ndilo linalonishangaza," alisema Bwana Takwimu. Alikuwa mpole. Alimgeuzia kishikwambi aone safu za alama za kijani, safu juu ya safu, kama shamba lililopaliliwa. "Wewe ni miongoni mwa walezi wetu bora. Ukiondoa nyekundu mbili za mwanzo, asilimia mia moja tangu mvua zianze. Sasa damu inasema hivi, rekodi inasema vile. Kuna mmoja anadanganya, mama."

"Si mimi."

"Tuangalie pamoja."

Alicheza video ya asubuhi moja, akaipunguza mwendo. Chiriku wa kwenye kioo aliinua kidonge cheupe na buluu. Mkono ukashuka polepole, polepole, ukapotea chini ya meza. Ukapanda. Bwana Takwimu akaisimamisha pale kinywa kilipofunguka, akaikuza picha mpaka ulimi ukajaa kioo kizima. Juu ya ulimi kulikuwa na kitu cha manjano.

"Hii nini?"

"Ndiyo dawa mliyotupa."

"Mradi hautoi dawa. Mradi unatoa simu. Dawa ni ya hospitali."

"Basi ndiyo dawa ya hospitali. Simu haiitambui. Tukaambiwa tuonyeshe ya zamani, mtoto ameze mpya."

"Mkaambiwa na nani?"

Mama Chiriku alitazama mlango. Sista alikuwa amesimama pale tangu mwanzo, faili limekumbatiwa kifuani.

"Sista yuko hapo. Mwulize."

"Mimi?" alisema Sista. Maneno hayo alimwelekezea daktari. "Mimi nitamwambiaje mzazi aidanganye simu? Si ndiyo kujikata mkono mwenyewe, daktari?"

Hakumtazama Mama Chiriku hata mara moja. Alimtazama mtoto, tena kwa haraka, kisha akaangalia vidole vya miguu yake mwenyewe.

"Hatusemi umefanya kwa nia mbaya," alisema Bwana Takwimu. "Lakini kuna wazazi wanaouza dawa. Unaonyesha kidonge halisi, unakirudisha, mtoto anapewa kitu chochote cha kumeza. Kidonge halisi kinaenda getini. Tumewahi kuona."

"Figo iliyomo humu ndani ni yangu." Alisema bila kupandisha sauti, mkono uko juu ya kichwa cha mwanawe. "Nitauzaje dawa ya figo yangu?"

Bwana Takwimu alishusha macho kwenye kishikwambi, akapitisha kidole juu, akapitisha chini. "Hilo," alisema, "mfumo hauna mahali pa kuliandika."

Mama Chiriku alitoa ile chupa kwenye mkoba, akaiweka juu ya meza ya daktari, mbele kabisa, karibu na mkono wake.

"Pimeni hizi."

Daktari hakuigusa. "Hapa tunapima wagonjwa, mama. Dawa hatuzipimi. Zinakuja zimeshapimwa."

"Na nani?"

"Na waliozileta."

"Na simu itafundishwa lini rangi mpya?"

"Maombi yametumwa," alisema Bwana Takwimu. "Kwa sasa kuna njia mbili. Ya kwanza, unakubali kwamba ulikiuka maelekezo. Unaweka dole gumba hapa, unabaki kwenye mradi chini ya uangalizi, mtoto analazwa siku chache apewe sindano, dawa zinaendelea. Kuanzia hapo video zako zitatazamwa na mtu, si simu peke yake. Ya pili, hukubali. Hiyo ni haki yako. Basi tutakuaga, na dawa utajinunulia."

"Nikikubali, nionyeshe simu kidonge kipi? Hiki cha manjano inakikataa."

"Fuata maelekezo ya simu."

"Simu inataka cha zamani."

"Mama," alisema Bwana Takwimu, na sasa kidogo tu upole ulimpungua, "usinitie maneno mdomoni. Fuata maelekezo ya simu, na umpe mtoto dawa uliyopewa. Ni rahisi."

Alimsogezea kishikwambi. Chiriku alikuwa ameanza kulegea miguu, uzito wake wote umehamia kwenye paja la mama yake. Mama Chiriku aliweka dole gumba. Kioo hakikulisoma, kwa sababu ngozi ya vidole vyake ilikuwa imelainishwa na sabuni za dobi. Ikabidi apangusiwe kwa pamba yenye spiriti, abonyeze tena. Mara ya tatu likakubalika.

"Na zile kijani zangu?" aliuliza.

"Zipi?"

"Za tangu mvua zianze. Kama nilidanganya, mtazifuta?"

Kwa mara ya kwanza Bwana Takwimu alitabasamu, tabasamu la mtu aliyeombwa koti alilolivaa. "Zile zilishapelekwa kwa wafadhili," alisema. "Hazirudishwi."

Sindano zilishusha homa. Siku ya kuruhusiwa, daktari alimkuta Mama Chiriku penye lile sinki la korido akisuuza kikombe cha mtoto, akasimama kando yake kunawa mikono. Alifungua maji mengi kuliko aliyoyahitaji.

"Nimeongeza dozi," alisema akiangalia ukuta. "Ila ukipata vile vya zamani popote pale, mpe hivyo."

Mama Chiriku aligeuka. "Kumbe unajua."

"Sijui kitu. Sina karatasi inayosema lolote." Alikung'uta maji mikononi. "Ninavyoona, viwango vya watoto sita vimeshuka tangu mvua zianze. Na hapa mimi sikukuambia kitu."

Kwenye benchi, Mama Kofia alimsogelea kabla hajakaa vizuri.

"Shoga, niazime bibi harusi wako. Wangu kapasuka. Jasho la mikono hili."

Mwanawe alikuwa kando yake, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Mama Chiriku alimwinamia, akaiinua kofia kwa kidole kimoja. Kope zilikuwa zimevimba.

"Anaamka hivyo?"

"Analala sana siku hizi," alisema Mama Kofia haraka. Akairudisha kofia chini. "Utaniazima, hutaniazima?"

"Umewahi kumwambia daktari?"

"Nimwambie nini? Aseme nauza?" Mama Kofia alikuwa akimwangalia mkoba sasa, si usoni. "Wewe ulivyoitwa mle ndani ulisema nini? Umetaja majina?"

"Sikutaja mtu."

"Mbona umerudishiwa dawa, basi?"

Mama Chiriku aliukumbatia mkoba. Walikaa hivyo, bega kwa bega, kama watu wasiojuana wanaosubiri huduma tofauti.

Jua lilikuwa bado halijazama vizuri walipofika nyumbani. Pazia lililokigawa chumba lilikuwa limefunguka, na upande wa wifi kulibaki kitanda kitupu. Mama Chiriku alikuwa ameshaiacha zamu ile inayoishia jioni. Kwa dobi walimwambia asubuhi atapata nafasi ikitokea. Alimlaza mtoto, akachemsha maji, akamwosha uso. Chini ya kitambaa ngozi ilikuwa na moto tena.

Simu ikalia. "Wakati wa dawa, mlezi!"

Aliiegemeza kwenye birika. Alifungua kopo, akafungua kikaratasi. Kidonge kilikuwa kimenata kidogo, buluu imehamia kwenye karatasi. Hata chenyewe hakuwa na hakika nacho tena, kwa jinsi kilivyoshikwa. Lakini kilitoka kwenye chupa ambayo mtoto alipokuwa akiinywa alikuwa akisema mchana kutwa, na kingine cha aina hiyo hakuwa nacho, wala hakujua mtu wa kumwomba. Dozi moja haiokoi figo. Hilo alilijua bila kuambiwa.

Chiriku alijiinua kitandani, akakaa mbele ya simu, akanyoosha mkono. Akakionyesha. Mraba ukafikiri, ukafikiri, ukageuka kijani.

"Hongera, mlezi! Sasa mtoto ameze dawa."

Mkono wa msichana ulianza kushuka chini ya meza kama kawaida. Mama yake akaushika.

"Meza hicho."

"Hiki cha picha?"

"Hicho."

Chiriku alimtazama, kisha akaitazama simu kana kwamba nayo ingepaswa kuulizwa. "Na kesho tutaionyesha nini?"

"Meza, mwanangu."

Akameza. Akafungua kinywa, akanyanyua ulimi, na safari hii hakukuwa na cha kuficha mahali popote. Simu ilitoa mlio wake wa pili ule ule.

Asubuhi Mama Chiriku alimwamsha kabla simu haijalia. Alimketisha, akamwegemeza kwa mto ili asiangukie upande. Mtoto hakusema kitu. Kope zilikuwa zimefumbana kiasi kwamba alitazama kwa upenyo tu. Mama mwenyewe ndiye aliyekiinua kidonge cha manjano karibu na shavu lake, kwa sababu mkono wa Chiriku ulikuwa unatetemeka na simu haipendi kutetemeka.

Mraba ukageuka mwekundu.

"Dawa haikutambulika," ilisema sauti changamfu. "Tafadhali onyesha dawa sahihi."

Akakisogeza kwenye mwanga. Akakigeuza upande wa pili.

"Tafadhali onyesha dawa sahihi."

Chiriku, aliyekuwa kwa homa hasikii vizuri kinachosemwa lakini alijua kinachofuata, alifungua kinywa, akanyanyua ulimi, akakaa hivyo akisubiri mlio wa pili.